Indiketa za Mercedes ya zamani: anza kwa kuiuliza hazadi

Wiki ya kwanza ya mvua za masika, mzee mmoja wa Shella, hapa Malindi, aliniletea Mercedes 230E yake ya mwaka 1989. Mimi humwita Ami kwa sababu yeye na marehemu baba walikuwa wakisali safu moja. Alishuka taratibu, akafunga mlango kwa viganja viwili kama anayemlaza mtoto.

"Ami, ina nini leo?"

"Indiketa zimekataa, mwanangu. Tangu juzi nikikata kona natoa mkono dirishani kama hamali wa mkokoteni."

"Zote mbili, kushoto na kulia?"

"Zote."

"Na hazadi je, ile ya kuwasha pande zote pamoja?"

"Hiyo yawaka vyema. Ndipo mimi sielewi."

Mimi nilikuwa nimeshaelewa nusu ya kazi, na sijafungua hata boneti. Lakini elimu hiyo niliilipia. Mwaka wangu wa pili wa ufundi nilipewa gari la aina hiyohiyo, lenye ugonjwa huohuo, nikamwambia mwenyewe kwa kujiamini kwamba rilei, kile kidude kinachozifanya indiketa zipepese, imekufa. Ikaagizwa Mombasa, akangoja siku nne, nikaipachika, nikawasha funguo: kimya. Duka nalo halirudishi kitu cha umeme kilichokwisha kutolewa kwenye pakiti. Ile rilei ninayo mpaka leo, iko ndani ya kopo la maziwa pamoja na skrubu zisizo na mwenyewe.

Umeme unapita wapi

Katika Mercedes za umbo la 123, zilizoanza 1976, na za 124 zilizozifuata kuanzia mwishoni mwa 1984, umeme wa indiketa hautoki kwenye fyuzi ukaenda moja kwa moja kwenye rilei. Unapita kwanza tumboni mwa swichi ya hazadi, ile yenye pembetatu nyekundu. Hapo ndipo wengi hupotea, maana nani angedhani kwamba kitu ambacho hakijabonyezwa ndicho kinachozuia?

Wajerumani huzipa njia za umeme namba, na ukizijua hizi chache hutapapasa tena. 30 ni umeme wa betri usiozimika. 15 ni umeme unaokuja ukiwasha funguo. 31 ni athi, yaani mwili wa gari. 49 ni umeme unaoingia kwenye rilei ya indiketa, na 49a ni ule unaotoka ukiwa umeshakatwakatwa, tik-tak, tik-tak. L ni kushoto, R ni kulia.

Hazadi ikiwa imelala, swichi yake inaunganisha 15 na 49. Rilei inapata umeme, inautoa kupitia 49a, unafika kwenye mkono wa usukani, ule wa kupigia indiketa, nao unauelekeza L au R. Ukiibonyeza hazadi, swichi inaiacha njia ya 15, inachukua umeme wa 30, kisha inaiunganisha 49a na taa za pande zote mbili bila kuuhitaji mkono wa usukani.

Sasa rudi kwa Ami. Hazadi yake inawaka, kwa hiyo rilei ni nzima, balbu ni nzima, athi ni nzima. Vilivyobaki ni vitu vitatu tu ambavyo hazadi haivitumii: fyuzi ya upande wa funguo, viungo vya ndani ya swichi ya hazadi inapokuwa imelala, na mkono wa indiketa wenyewe. Na mkono huo ukiharibika, mara nyingi huharibu upande mmoja kabla ya mwingine. Pande zote mbili zikifa siku moja, mimi huuweka mwisho kabisa.

Hazadi inawaka, indiketa hazina habari

Fungua kisanduku cha fyuzi chini ya boneti. Ndani ya mfuniko kuna kadi inayoonyesha kila fyuzi inalisha nini. Kama kadi imeliwa na miaka, itafute fyuzi kwa tesa, ile taa ndogo ya kupimia umeme. Hizi si fyuzi bapa za magari ya Kijapani. Ni vijiti vya kauri au plastiki vyenye ukanda wa chuma mgongoni, ncha zimechongoka kama risasi: nyeupe ni ampea 8, nyekundu 16, buluu 25. Ukanda unaweza kuwa mzima kabisa huku ncha zimefunikwa na ukungu mweupe usiopitisha umeme. Hapa kwetu, ambapo upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka ndani ya kabati la nguo, hilo si jambo la ajabu. Zungusha kila fyuzi kwa kidole mara tano sita palepale ilipo. Ikiwa indiketa zitafufuka, badilisha fyuzi zote, na uchague zenye ukanda wa shaba. Zile za aluminiamu ndizo zinazoota ukungu upesi.

Kuna mtu atakuambia uzungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nimeona waya zilizoiva kwa ushauri huo. Usifanye.

Fyuzi za Ami zilikuwa safi. Nikamwambia akae, awashe funguo, asukume mkono wa indiketa kushoto, kisha aibonyeze hazadi aiachie, aibonyeze aiachie, mara thelathini.

"Thelathini?"

"Hesabu kama tasbihi, Ami."

Kwenye mara ya ishirini na kitu taa ya kushoto ikapiga mara mbili, ikafa. Hilo lilitosha kuwa ungamo. Kubonyeza kule kunakwangua viungo vya ndani vilivyoshika weusi, na kama indiketa zinaamka hata kwa sekunde moja, mwizi umemshika mkono.

Kuthibitisha, chomoa swichi. Iko kwenye safu ya swichi za katikati; usiichokoe kwa bisibisi, maana mbao zinazoizunguka zikipasuka hutapata nyingine kama hizo. Ondoa soketi nyuma yake, tafuta matundu ya 15 na 49, namba zimeandikwa kwenye swichi yenyewe, uyaunganishe kwa kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 8 katikati. Washa funguo, sukuma mkono. Kwa Ami zilianza kupiga saa ileile, kushoto na kulia, kwa mwendo mzuri.

Swichi hii inafunguka, ila fungua juu ya sinia, si juu ya mchanga. Ina springi ndogo zinazoruka, na nimewahi kutambaa chini ya gari nusu saa nikitafuta moja yenye ukubwa wa punje ya mchele. Ndani utaona ndimi za shaba zenye vidoa vyeusi pale zinapogusana. Msasa mkavu mwembamba sana, ule wa namba 1000 kwenda juu, pitisha kidogo mpaka shaba ing'ae, futa kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, rudisha. Swichi iliyosafishwa hivi inaweza kukuchukua miaka, ila plastiki yake ikiwa imeyeyuka kuzunguka ndimi hizo, tafuta mpya. Hiyo haina tiba.

Indiketa zinafanya kazi, hazadi haifanyi

Haya ni mambo yaleyale, yamegeuzwa. Tazama fyuzi inayoleta 30, halafu ndimi za swichi za upande wa kubonyezwa. Rilei usiiguse, indiketa zimeshaitolea ushahidi.

Vyote viwili vimekufa

Hapa ndipo rilei inapostahili kushukiwa. Katika magari ya kale yenye rilei ya indiketa ya peke yake, yenye miguu mitatu, jaribio ni la dakika moja: ichomoe, unganisha tundu la 49 na la 49a kwa ule waya wako wenye fyuzi, sukuma mkono kushoto. Taa zikiwaka bila kupepesa, rilei ndiyo mgonjwa. Zisipowaka, rudi nyuma ukapime kama 49 ina umeme hata kidogo.

124 ina rilei ya pamoja, inayobeba indiketa na waipa ndani ya kasha moja. Miguu yake ni mingi, basi usianze kuunganisha matundu kwa kubahatisha. Lakini uchangamano huo unakupa shahidi: waipa nazo zinafanya vituko? Zinasimama katikati ya kioo, au kasi ile ya kupumzikapumzika imepotea? Indiketa na waipa zikiugua pamoja, fungua kasha la rilei uangalie upande wa chini wa kibao chake kwa kioo cha kukuzia. Tafuta duara jembamba jeusi kuzunguka mguu mmojawapo kwenye lehemu. Huo ni ufa uliotokana na miaka ya joto na mtikisiko, na njia zetu za vumbi kuelekea Ganda zinausaidia. Lehemu upya, usinunue kwanza.

Upande mmoja unapiga haraka kama moyo wa mtu aliyetishwa

Hii ndiyo dalili inayojulikana na watu wengi, na wengi wanaifasiri vibaya kuwa ni rilei mbovu. Ni kinyume. Rilei inafanya kazi yake ya kukuarifu. Kila balbu ya indiketa ni wati 21, kwa hiyo kwa volti 12 inakula ampea 1.75, ya mbele na ya nyuma pamoja ni 3.5. Rilei inaupima mzigo huo. Moja ikikatika, mzigo unashuka, nayo inaongeza kasi. Mwendo wa kawaida ni mapigo 60 hadi 120 kwa dakika. Ukiyasikia yanakimbia zaidi ya hapo, zunguka gari uone iliyozimika.

Chomoa balbu, usitazame uzi peke yake. Geuza kitako. Kile kitone cha lehemu chini yake kikiwa kimelika kikawa bapa, hakifiki tena kwenye ulimi wa soketi. Kikwangue, uvute ulimi juu kidogo, umemaliza. Kioo kikiwa na weusi wa fedha ndani, balbu imebakisha siku chache hata kama inawaka.

Unaponunua, peleka ya zamani dukani. Za nyuma ni za uzi mmoja, vipini viwili vimetazamana sawasawa. 124 za mwisho, zilizokuja na vioo vyeupe mbele, zinatumia balbu ya rangi ya chungwa ambayo vipini vyake havitazamani sawa. Wamevipishanisha kusudi ili usiweke nyeupe. Kuna fundi mwenye nguvu nyingi aliyewahi kuisukuma ile ya kawaida mpaka ikaingia. Kuitoa kulihitaji koleo na maneno ambayo siyaandiki.

Halafu kuna LED. Vijana wanazipenda kwa sababu zinang'aa kama za tuktuk mpya. LED inakula umeme kidogo sana, rilei ya kale inadhani balbu imekatika, ikaanza kukimbia. Dawa inayouzwa ni rizista ya omu 6 ya kufunga sambamba na balbu, ambayo kazi yake ni kuuchoma umeme ule uliookoa. Inapata moto wa kuunguza plastiki. Kwangu mimi, gari la umri huu lirudishiwe balbu zake.

Ukipiga indiketa, taa nyingine nazo zinajibu

Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndiyo dalili inayowatoa watu jasho na ndiyo ya pwani hasa.

Nililetewa gari lililolala miaka kadhaa nyumba ya ufuoni kule Silversands, mwenyewe alirudi kwao Italia akaliacha chini ya mkorosho. Ukipiga indiketa ya kushoto, ya nyuma inawaka hafifu kama kibatari kinachoishiwa mafuta, na papo hapo taa ya breki na ya kurudi nyuma zinapepesa pamoja nayo. Ukikanyaga breki, indiketa inasimama kabisa. Mafundi wawili walikuwa wameshasema waya zimeshikana ndani, na mmoja alishaanza kuuchana mshipi wa waya chini ya zulia.

Hazikuwa zimeshikana. Umeme ukishafika kwenye balbu lazima urudi, na njia yake ya kurudi ni athi. Taa zote za nyuma za upande mmoja zinarudi kwa waya mmoja wa kahawia. Kwa Mjerumani, kahawia ni athi. Njia hiyo ikiziba, umeme wa indiketa hausimami, unatafuta upenyo. Unapita kinyumenyume kwenye uzi wa balbu ya breki na wa taa ya kurudi nyuma, mpaka utokee upande wa pili. Ndiyo maana zote zinawaka nusunusu.

Kipimo chake: weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri kwa waya mrefu, nyingine kwenye chuma cha soketi ya taa inayosumbua, kisha uwashe indiketa. Athi nzima itasoma karibu na sifuri. Ikipita nusu volti, kuna kizuizi. Lile la Silversands lilisoma 4.6. Theluthi nzima ya umeme ilikuwa inaishia kwenye kutu.

Fungua buti, ondoa kifuniko cha zulia nyuma ya taa, fuata waya wa kahawia mpaka ulipofungwa kwenye bodi. Mimi nilikuta nati iliyovaa unga wa kijani na mweupe, laini kama chokaa ya tambuu. Niliilegeza, nikakwangua bodi na vichwa vya waya mpaka chuma kikawa cheupe, nikakaza, ndipo nikapaka grisi juu. Grisi inakuja mwisho. Ukiipaka kabla ya kukaza umeweka kizuizi kipya. Mita ikasoma 0.1 na taa ya breki ikatulia.

Huna mita? Chukua waya, shika upande mmoja kwenye chuma cha soketi na mwingine kwenye chuma kisafi cha bodi. Taa ikikaa sawa, umepata jibu bila senti.

Kabla hujalaani athi, hakikisha tu kwamba hakuna aliyepachika balbu ya nyuzi mbili kwenye soketi ya uzi mmoja. Inaleta vituko vinavyofanana sana na hivi.

Inasumbua mvua ikinyesha tu

Tazama ndani ya kioo cha taa. Ukiona matone au mstari wa tope chini, mpira umekufa na maji yanafika kwenye kibao cha soketi. Kikaushe juani, safisha ndimi, weka mpira mpya. Inua pia zulia la buti. Maji yakiwa yamekaa kwenye bonde la pembeni, yanayoingia ni mengi kuliko unavyoyaona.

Upande mmoja umekufa, hazadi inawasha pande zote

Sasa ndipo mkono wa usukani. Mercedes hizi zina mkono mmoja unaobeba indiketa, waipa, maji ya kioo na taa kubwa, kwa hiyo una kazi ya mikono miwili ya magari mengine. Jaribu kuushikilia juu au chini kwa nguvu kidogo indiketa ikiwa imepigwa: ikiwaka unaposhikilia tu, ndimi za ndani zimelika. Kuubadilisha kunataka usukani utoke. Bolti yake inafunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10, magurudumu yakiwa yamenyooka, na alama umeitia kabla ya kuvuta. Usukani wenye mfuko wa hewa usiuguse nyumbani. Mpelekee anayeujua.

Ami aliondoka siku ileile na indiketa zake, akapiga ya kulia hata kabla hajafika barabarani, kwa furaha tu. Baada ya wiki mbili alirudi.

"Mwanangu, sasa zawaka mno. Nikishakata kona hairudi yenyewe. Jana nimetoka Mambrui hadi daraja la Sabaki nikiambia watu nageuka kulia. Lori la nyuma likanisubiri mpaka likachoka kupiga honi."

Nikaangalia. Kuna jino la plastiki kwenye swichi ya mkono linalosukumwa na kipande cha usukani unaporudi katikati, nalo lake lilikuwa limelika likawa kama jino la babu. Nikamweleza: usukani utoke, swichi nzima ibadilishwe, nikamtajia bei.

Ami akautazama mkono, akaupiga kulia, akaurudisha kwa kidole cha shahada. Akaupiga tena, akaurudisha.

"Hiki," akasema akinionyesha kidole, "hakihitaji spea." Akawasha gari akaenda zake.

Sikuwa na la kumjibu, maana hata kwenye gari langu naurudisha hivyohivyo.